Madaraja Mafupi ya New York

Gari-nyumba letu lina kimo cha futi 12 na inchi 4, kutoka kwenye lami hadi juu ya kiyoyozi cha paani. Namba hiyo nimeiandika kwa wino mzito kwenye kikaratasi na kukibandika juu ya usukani, mahali ambapo kwetu madereva hubandika aya au picha ya mtoto. Nilizaliwa Tanga, kazi ya lori nikaijulia barabara ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, na huko hofu zetu zilikuwa mizani, breki na mlima Kitonga. Leo naishi Jersey City, na kila majira ya joto tunapotaka kwenda Montauk, ncha ya mashariki ya Long Island, swali la kwanza ni kimo.

Long Island ni kisiwa. Anayetoka New Jersey hawezi kuukwepa mji wa New York, isipokuwa apande kaskazini hadi Connecticut akavuke kwa feri. Ukitazama ramani utaona madaraja na mahandaki tele, na barabara nyingi pana zinazoelekea mashariki. Lakini gari la kimo chetu, lenye tangi la gesi ubavuni, hubakiwa na njia mbili za maana. Nyingine zilifungwa zamani na watu ambao wengi wao wamekwisha kufa, na kila iliyofungwa ina mwaka wake na sababu yake.

Tuanze na barabara za miti, ziitwazo parkway. Mwaka 1908 William K. Vanderbilt wa Pili, wa ukoo wa matajiri wa reli na mpenzi mkubwa wa mashindano ya magari, alifungua Long Island Motor Parkway, barabara ya kulipia iliyotengwa kwa magari peke yake. Njia za mikokoteni hazikukatiza ndani yake. Zilivushwa kwa madaraja. Upande wa kaskazini, tume iliyoundwa mwaka 1907 ili kuusafisha mto Bronx, uliokuwa umejaa taka, ilijenga barabara inayofuata kingo za mto huo, na Bronx River Parkway ikakamilika mwaka 1925. Kona zake ni za taratibu, pembeni ni nyasi na miti mikubwa, na madaraja yake ya mawe yana umbo la upinde. Ilikusudiwa mwenye gari aitoe familia yake Jumapili, waendeshe polepole wakitazama majani. Malori hayakutakiwa. Gari la siku zile halikumzidi sana mtu mrefu kwa kimo, kwa hiyo uvungu wa futi nane au tisa ulionekana kutosha kabisa.

Kisha akaja Robert Moses. Mwaka 1924 alishika uongozi wa tume ya bustani za jimbo huko Long Island, na kwa zaidi ya miaka 40, akishika vyeo vingi kwa wakati mmoja, alijenga barabara, madaraja, bustani na majumba kuliko mtu mwingine yeyote katika mji huu. Hakuna cheo hata kimoja alichokipata kwa kura. Alipogombea ugavana mwaka 1934 alishindwa vibaya. Kipande cha kwanza cha Southern State Parkway kilifunguliwa mwaka 1927, na ufukwe wa Jones Beach mwaka 1929. Sitamnyima haki yake: Jones Beach ni kazi nzuri mno. Mchanga maili kwa maili, mabafu yaliyojengwa kwa matofali na mawe kama jengo la heshima, hakuna takataka, hakuna kelele za wachuuzi. Mtu aliyefikiria kwamba wananchi wa kawaida wanastahili ufukwe wa namna ile alikuwa na jicho.

Swali ni wananchi gani. Robert Caro, katika kitabu chake The Power Broker cha mwaka 1974, anaeleza jinsi Northern State Parkway ilivyopindishwa kusini maili kadhaa ili isipite kwenye mashamba ya matajiri wa Wheatley Hills. Otto Kahn, mwenye benki, alichangia dola 10,000 za upimaji, na barabara ikahamishwa kutoka kwenye uwanja wake wa gofu; waliopoteza ardhi ni wakulima wadogo waliokuwa upande wa pili. Mimi nikiwa dereva naiona habari hiyo kwa macho. Barabara inayokwenda mashariki inapojikunja bila mlima wala mto wa kuikunja, ujue pana mtu alisema hapana na akasikilizwa.

Katika kitabu hichohicho kuna habari ya madaraja. Caro alipata kwa Sidney Shapiro, msaidizi wa Moses wa miaka mingi, kwamba bosi wake aliagiza madaraja ya Long Island yajengwe mafupi makusudi ili mabasi yasipite, yaani maskini na Weusi wasio na magari wasifike ufukweni kirahisi. Mwaka 1980 mwanafalsafa Langdon Winner aliichukua habari hiyo kuonyesha kwamba hata zege lina siasa. Mwaka 1999 Bernward Joerges, msomi wa Kijerumani, akapinga: mabasi na malori yalikuwa yamepigwa marufuku kisheria kwenye barabara za namna hiyo, kwa hiyo daraja fupi lilikuwa jambo la kawaida na la bei nafuu, na njia nyingine za kwenda Jones Beach zilikuwepo.

Nimesoma pande zote mbili, na naegemea kwa Shapiro. Kanuni ya marufuku inaweza kufutwa kwa kikao kimoja asubuhi. Daraja la mawe haliondoki kwa kura, na mtu aliyekaa na sheria maisha yake yote kama Moses alilijua hilo kuliko sisi. Lakini hata tukimpa Joerges ushindi, matokeo ni yaleyale kwa anayeketi kwenye kiti kirefu. Aprili 2018 basi lililobeba wanafunzi waliotoka uwanja wa ndege wa Kennedy baada ya safari ya Ulaya liliingia Southern State Parkway, dereva akifuata ramani isiyotambua magari makubwa, likagonga daraja la Eagle Avenue ambalo uvungu wake haufiki futi nane. Paa likachanika, na makumi ya abiria wakaumia. Watoto wale walizaliwa miaka mingi baada ya Moses kufariki mwaka 1981.

Katika Westchester, kaskazini mwa mji, kuna daraja la King Street juu ya Hutchinson River Parkway ambalo malori huligonga mara kwa mara, pamoja na vibao vyote vya onyo. Watu huwacheka madereva wanaokwama hapo. Mimi sicheki. Mgeni aliyekodi lori la kuhamishia vyombo, simu inamwambia pinda kulia, nyuma yake wanapiga honi. Hakuna kitu maishani mwake kilichomwandaa kuamini kwamba barabara pana yenye leni mbili kila upande ina daraja linalomfika kifuani.

Na hapa ndipo jambo hili linapoingia moyoni mwangu. Barabara hizi zilijengwa kwa ajili ya matembezi ya familia. Gari-nyumba ni gari la matembezi ya familia: jiko, vitanda, watoto, samaki wa kukaanga waliofungwa kwenye karatasi. Kusudi ni lilelile la mwaka 1925. Ila sisi wa mapumziko tunapelekwa njia ya malori, na kwa hiyo tunalazimika kujua malori yalipitishwa wapi, na juu ya nyumba za nani.

Kabla ya kufika huko, mahandaki. Handaki la Holland, chini ya mto Hudson, lilifunguliwa Novemba 1927, na lilikuwa handaki la kwanza la magari chini ya maji kupewa hewa kwa mashine. Mhandisi mkuu Clifford Holland, aliyelipa jina, alifariki mwaka 1924 kabla pande mbili za wachimbaji hazijakutana. Ole Singstad ndiye aliyekamilisha mfumo wa hewa: feni 84 katika majengo manne, hewa yote ikibadilishwa kila baada ya sekunde 90. Tarehe 13 Mei 1949 lori lililobeba mapipa 80 ya kemikali inayowaka upesi, mzigo uliokwisha kukatazwa humo, liliingia kutoka upande wa New Jersey. Pipa moja likaanguka, moto ukalipuka, ukaruka kwenye malori ya jirani, na dari likaporomoka. Watu 66 waliumia, wengi kwa moshi, na ofisa mmoja wa zimamoto alifariki baadaye. Kwamba hawakufa wengi ni kwa sababu feni za Singstad ziliendelea kuvuta moshi. Leo gari lenye tangi la propeni haliruhusiwi katika handaki la Holland wala la Lincoln, na hata ghorofa ya chini ya daraja la George Washington imekatazwa. Katazo hili nalikubali kwa moyo wote. Kuna wanaofunga koki na kujipenyeza. Aliyewahi kuona mtungi wa gesi ukiwaka jikoni hafanyi hivyo.

Basi zimebaki njia mbili. Ya kaskazini ni kupitia ghorofa ya juu ya daraja la George Washington, lililosanifiwa na Othmar Ammann na kufunguliwa mwaka 1931, kisha Cross Bronx Expressway, kisha daraja la Throgs Neck la mwaka 1961, mpaka kuishika Long Island Expressway. Mke wangu ndiye utingo. Yeye huanza kusoma vibao mapema, maana juu na chini hugawanyika mbali kabla ya daraja. "Baba Salma, juu, juu, kaa kushoto," atasema, hata kama nimekwisha kukaa.

Cross Bronx ilianza kujengwa mwaka 1948, na Moses aliipasua katikati ya mitaa iliyojaa watu. Desemba 1952 wakazi wa East Tremont, wengi wao Wayahudi wenye vipato vya chini waliofanya kazi kwenye viwanda vya nguo, walipata barua yenye saini ya Moses: muda wao ni siku 90. Kwenye kipande cha maili moja tu, kwa hesabu ya Caro, majengo 54 ya ghorofa yangebomolewa na familia 1,530 zingehama. Lillian Edelstein, mama wa nyumbani, akawakusanya majirani, wakatafuta wahandisi, wakachora njia mbadala pembeni mwa bustani ya Crotona, mitaa miwili tu kusini, ambayo ingebomoa majengo sita. Walikwenda kwenye vikao vya jiji kikao baada ya kikao. Moses hakubadili hata futi moja.

Linganisha na mtaa wa Brooklyn Heights, kwenye njia yetu ya pili. Barabara ya Brooklyn-Queens nayo ilikuwa ipite katikati yake. Lakini Heights ilikuwa na wanasheria na watu wenye majina, wakapinga, na barabara ikapelekwa ukingoni mwa mwinuko, leni za upande mmoja juu ya leni za upande wa pili, na juu kabisa wakajengewa njia ya matembezi ya kutazama bandari, iliyofunguliwa mwaka 1950. Sisi tunapita chini ya miguu ya watu wanaokula aiskrimu. Zege hilo limechoka sana; Agosti 2021 jiji lilipunguza leni kutoka tatu hadi mbili kila upande ili kupunguza uzito.

Njia hiyo ya pili huanzia Staten Island na kuvuka daraja la Verrazzano, kazi nyingine ya Ammann, lililofunguliwa Novemba 1964. Ni zuri kiasi cha kumnyamazisha mtu, na ili lifike ufukwe wa Brooklyn watu wapatao 7,000 wa Bay Ridge walihamishwa. Baada ya daraja, Belt Parkway inakuita kulia, karibu na bahari, tulivu, na kibao chake kinakukataza. Unabaki kushoto na malori.

Kuchagua kati ya mbili ni suala la saa. Alfajiri ya Jumamosi tunakwenda kaskazini. Mchana, au kukiwa na mvua, kusini, pamoja na tozo zake. Programu ya ramani ya magari marefu tunayo, lakini mke wangu haiachii peke yake.

Tuna rafiki, Mrundi, aliyepanga nyumba inayotazama Cross Bronx. Madirisha ya upande huo hayafungui kwa sababu ya kifua cha mwanawe. Pumu imewaandama watoto wa mitaa ile kuliko sehemu nyingi za mji, na wakazi wamedai kwa miaka kwamba sehemu za barabara zilizochimbwa bondeni zifunikwe, juu pawe bustani. Mwaka 2022 serikali kuu ilitoa dola milioni 2 za kuchunguza jambo hilo. Mfuniko ukijengwa, huenda magari yenye gesi kama letu yakakatazwa, kama handakini. Nimemwambia rafiki yangu kwamba namwombea ujengwe, na kwamba sisi Staten Island tunaijua.