Kompyuta Haikurogwa: Historia Fupi ya Windows Mpya kwenye Mashine ya Zamani

Sisi tuliosomea kompyuta huulizwa swali moja kila mahali, iwe harusini, kwenye matatu au hata matangani: "Kompyuta yangu ilikuwa inakimbia vizuri. Nimeweka Windows mpya, sasa inatambaa. Ina virusi?" Mara nyingi haina virusi, na wala haikurogwa. Inaumwa ugonjwa wa zamani wenye tarehe, majina na hata kesi mahakamani. Leo nataka tuufuatilie tangu mwanzo, kwa sababu ukijua asili yake hutampa fundi pesa za bure, wala hutatupa mashine ambayo bado ina maisha.

Namba za kwenye boksi

Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995. Microsoft walisema inahitaji angalau RAM ya megabaiti 4. Ndiyo, megabaiti, si gigabaiti. Picha moja ya simu ya leo ukiifungua haitoshei humo. Windows 98 ikataka 16. Windows XP, iliyotoka 25 Oktoba 2001, ikataka 64, ingawa wenyewe walipendekeza 128. Ikaja Windows Vista tarehe 30 Januari 2007, ikataka 512. Piga hesabu: katika muda usiofika miaka 12, kima cha chini kilipanda mara 128.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo kiini cha habari yote. Kima cha chini ni kima cha kuwaka, si kima cha kufanya kazi. Ukiwa na RAM iliyoandikwa kwenye boksi, mfumo utawaka na utaona picha nzuri ya ukutani. Ukifungua programu ya kuandikia barua na nyingine ya hesabu, utaanza kusikia diski inakoroma.

Mwaka huohuo wa 1995 mwanasayansi wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya Pascal, aliandika makala akilalamika kwamba programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Sisi waandishi wa programu tunaijua hoja hiyo kama sheria ya Wirth, na tunaivunja moyo kila siku kwa kazi zetu. Ukimpa mwandishi wa programu mashine mpya yenye nguvu, ataandika programu inayoendesheka vizuri kwenye mashine hiyo. Ya kwako ya nyumbani haipo mezani kwake.

Kwa nini RAM ikijaa kila kitu husimama

RAM ni kama meza ya jikoni. Ulichoweka juu yake unakishika mara moja. Diski ni ghala. Meza ikijaa, mfumo huchukua vitu usivyovitumia kwa sasa na kuvipeleka ghalani, kisha huvirudisha ukivihitaji. Mpango huu ni mzuri, ila tatizo ni umbali wa ghala.

Kusoma kitu kutoka kwenye RAM huchukua kama nanosekunde 100. Kukitafuta kwenye diski ya zamani, ile inayozunguka, huchukua kama milisekunde 10, yaani mara laki moja zaidi. Tuseme kuchukua chumvi mezani ni dakika moja. Basi kuifuata kwenye diski ni siku 69! Ndiyo maana kompyuta yenye RAM pungufu haipungui mwendo kidogo kidogo. Inakwenda sawa, inakwenda sawa, halafu inasimama kabisa na taa ya diski haizimi.

Vista na stika zake

Vista ndiyo iliyougeuza ugonjwa huu kuwa habari ya magazeti. Kazi yake ilianza mwaka 2001 kwa jina la Longhorn, na mwaka 2004 Microsoft wakalazimika kuanza upya sehemu kubwa. Ikaikosa Krismasi ya 2006. Watengenezaji wa kompyuta waliogopa kwamba wateja wangeahirisha kununua wakiingoja, kwa hiyo mwaka 2006 mashine zenye XP zikaanza kubandikwa stika iliyosema "Windows Vista Capable", yaani inaweza Vista.

Inaweza Vista gani? Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Vista iliyotangazwa ilikuwa ile ya Aero, yenye madirisha yanayong'aa kama kioo. Hiyo ilitaka RAM ya gigabaiti 1 na kadi ya picha yenye nguvu, na mashine za namna hiyo ziliitwa kwa jina jingine, "Premium Ready". Stika ya kawaida ilimaanisha prosesa ya megahezi 800, RAM ya megabaiti 512, na uwezo wa kuendesha Home Basic, ambayo haikuwa na Aero.

Mwaka 2007 wateja walishtaki mjini Seattle, Marekani. Mwaka 2008 barua pepe za ndani za Microsoft zikawekwa hadharani kwa sababu ya kesi hiyo. Makamu wa rais mmoja wa kampuni, Mike Nash, alikuwa amelalamika kwamba laptopu aliyoinunua kwa dola 2,100 ilibaki kuwa mashine ya kusomea barua pepe tu. Ofisa mwingine aliandika kwamba masharti yalilegezwa ili Intel, waliokuwa bado wanauza chipu za picha za 915, wasiharibikiwe na mapato yao ya robo mwaka. Februari 2009 Jaji Marsha Pechman aliondoa hadhi ya kesi ya pamoja, na wateja hawakulipwa kama kundi. Lakini barua zilikuwa zimeshasomwa. Ilijulikana kwamba hata mabosi wa watengenezaji wenyewe walikuwa wanaugua ugonjwa uleule.

RAM haikuwa mkosaji pekee. Vista ilikuwa inaorodhesha mafaili yako yote ili utafutaji uwe wa haraka, na ilikuwa inajaza RAM mapema kwa programu ilizokisia kwamba utazifungua. Kwa hiyo siku za mwanzo diski haikupumzika. Draiva nyingi zilikuwa bado mbichi. Tena mwaka 2007 iligunduliwa kwamba ukicheza muziki, Vista hupunguza mwendo wa mtandao ili sauti isikatike. Mtu angedhani kebo yake ni mbovu, kumbe ni wimbo tu.

Huku kwetu

Afrika Mashariki ugonjwa huu ulikuwa na makali yake. Mashine nyingi za nyumbani na za saibakafe zilikuwa mitumba kutoka ofisi za Ulaya na Marekani, zilizonunuliwa kwa ajili ya Windows 98 au XP. Ukiweka Vista humo unampa punda mzigo wa lori.

Halafu kulikuwa na suala la dawa. Marekebisho makubwa ya Vista, Service Pack 1, yalitolewa mwaka 2008. Faili lake zima lilizidi megabaiti 400. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, hayo ni zaidi ya saa 15 za kupakua, iwapo laini haitakatika hata mara moja na stima haitapotea. Kebo za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti. Kwa hiyo mtu wa Seattle alipouguza Vista yake kwa jioni moja, mtu wa Kisumu aliona afadhali arudi XP. Wala hakuwa nyuma ya wakati, alikuwa amepiga hesabu.

Mwaka uliorudi nyuma

Kuna habari njema pia. Oktoba 2007 Asus walitoa kilaptopu cha Eee PC, chenye RAM ya megabaiti 512 na hifadhi ya gigabaiti 4, kikiendeshwa na Linux. Vista isingetosha humo hata kwa kusukumwa. Microsoft walilazimika kuendelea kuuza XP kwa ajili ya mashine ndogo kama hizo.

Windows 7, iliyotoka 22 Oktoba 2009, ilitaka prosesa ya gigahezi 1 na RAM ya gigabaiti 1, kile kile kiasi cha "Premium Ready". Lakini ilikwenda vizuri zaidi. Sababu mojawapo ni hii: Vista ilikuwa inatunza picha ya kila dirisha mara mbili, kwenye RAM na kwenye kumbukumbu ya kadi ya picha. Windows 7, ikipata draiva mpya, iliondoa nakala ya RAM. Nakala moja tu! Wahandisi wakiamua kupunguza uzito, wanaweza.

Basi tufanyeje?

Windows 11 ilitoka 5 Oktoba 2021, ikitaka RAM ya gigabaiti 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi wakasukumwa kuhama. Stika hakuna siku hizi, lakini kima cha chini bado ni kima cha kuwaka. Ikiwa yako imeanza kutambaa baada ya kuhama, fuata mpangilio huu.

Kwanza, ipe siku mbili ikiwa imewashwa. Kuorodhesha mafaili na kupakua masasisho kutaisha kwenyewe.

Pili, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja. Angalia safu za RAM na diski. Zote mbili zikiwa zimejaa muda wote, ghala limegeuzwa meza. Ongeza RAM.

Tatu, kama diski ni ile inayozunguka, weka SSD. Ule mfano wa siku 69 unashuka kuwa chini ya saa 17. Kwa mashine ya zamani hakuna dawa inayoizidi.

Nne, chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine, na uondoe programu zinazowaka zenyewe bila kuitwa.

Na kama mashine haikubali Windows 11 kabisa, weka Linux nyepesi, hasa kama inatumika kwa intaneti na barua. Itaendelea kupata masasisho ya usalama, na mtoto atafanya kazi zake za shule.

Fundi akikuambia ununue nyingine, muulize kwanza: RAM ni kiasi gani, na diski ni ya aina gani? Asipoweza kujibu, bado hajaipima, na wewe usifungue pochi.