Kioo cha Lupingu na kapasita zilizovimba

Leo tuzungumze vioo. Si vya kujitazamia, vya kompyuta.

Nipo Lupingu, huku chini ziwani Nyasa. Ukitoka Ludewa mjini gari linateremka milima ya Livingstone mpaka masikio yanaziba. Huku kitu kikifa, vipuri viko Njombe au Makambako kabisa. Ndiyo maana monita bapa ya mjomba ilikuwa stoo, imeshatangazwa marehemu. Ukiiwasha, picha inatokea sekunde mbili, halafu giza.

Nikaimulika tochi. Maandishi yakaonekana kwa mbali! Maana yake kioo chenyewe kizima, kilichokufa ni taa za nyuma yake au umeme unaozilisha. Ndani ya kioo cha LCD mna kimiminika chenye tabia za fuwele. Hakitoi mwanga, kinaupitisha au kuuzuia tu. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea, alikutana na tabia hiyo Prague mwaka 1888, akichunguza kitu kilichotoka kwenye karoti (ndiyo, karoti). Mwaka 1968 kampuni ya RCA ya Marekani ikatangaza vioo vya namna hiyo. Na sisi? Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Wenzetu wanahangaika na kioo, sisi mashine yenyewe tumeifungia mlango. Vioo bapa vilipokuja kuzisukuma nje monita za chogo, vingi tulivipata kwa njia ya mtumba, kama hiki cha mjomba.

Nilipofungua, kapasita mbili zilikuwa zimevimba kama andazi. Hapo ndipo historia inapouma. Kuanzia mwaka 1999 hivi mpaka 2007, kapasita nyingi, hasa za Taiwan, zilijazwa kemikali yenye kasoro. Ikazalisha gesi ya haidrojeni ndani kwa ndani, zikavimba na kupasuka kabla ya siku zao. Inasimuliwa kwamba fomula iliibwa Japani ikiwa pungufu. Hadithi tamu mno, mimi naichukua kwa tahadhari. Ila monita zilizotupwa duniani kwa ajili ya kipande cha bei ya soda ni nyingi, na sumu ya zebaki iliyo ndani ya taa zake haiozi jalalani.

Ukitaka kujaribu: chomoa waya, uache muda mrefu. Ile kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani hubaki na chaji ya kuua, usiiguse. Mpya ziwe na mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, zinazostahimili nyuzi 105, na mstari wa hasi ukae ulipokuwa.

Zangu, mikrofaradi 1000 volti 16, nilizipata Makambako kwa fundi redio, ndani ya kopo la maziwa. Anasema saizi hiyo ndiyo inayomwishia haraka kuliko zote.