Bima Iliyohesabu Vitanda

Leo ninazungumza nawe mama, nawe nyanya au shangazi, unayemuuguza mtu nyumbani. Mgonjwa ameruhusiwa kutoka hospitalini, lakini hajapona. Kuna kidonda cha kusafisha, dawa za kununua na nauli ya kliniki. Je, bima italipa? Ili tupate jibu, turudi nyuma kidogo.

Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, yaani NHIF, iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka wa 1966. Tazama jina lenyewe: bima ya hospitali. Ilianza na wafanyakazi waliopata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi, nao walikatwa shilingi 20. Mwaka wa 1972 waliojiajiri walikubaliwa kujiunga kwa hiari. Mgonjwa akilazwa, hospitali ilihesabu siku alizolala, na Hazina ikalipa kiasi maalumu kwa kila siku. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, hesabu inakoma.

Desemba 1989 serikali ilianza kutoza ada katika hospitali zake. Mwaka uliofuata, makato ya NHIF yalipangwa kulingana na mshahara, kuanzia shilingi 30 hadi 320. Sheria mpya ya 1998 iliifanya NHIF kuwa shirika la serikali. Hata hivyo, kipimo cha malipo kilibaki kitanda.

Wakati huo huo UKIMWI ulikuwa umejaza wodi zetu. Novemba 1999 Rais Moi aliutangaza kuwa janga la taifa. Wagonjwa wengi walirudishwa nyumbani, na mwaka wa 2002 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa huduma ya nyumbani. Kazi hiyo iliwaangukia akina mama, nyanya na wahudumu wa kujitolea. Sabuni, uji, glovu na shuka vilitoka mfukoni mwa familia, kanisani, kwa mashirika au kwa harambee. Usiku wa kukesha haukuandikiwa bili popote.

Mwaka wa 2015 NHIF ilipanua malipo yake hadi kwa wagonjwa wasiolazwa. Mchango wa waliojiajiri ulipanda kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka, na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua nafasi yake. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Pia kuna hazina ya huduma za msingi, inayolipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya.

Mama mwenzangu, historia hii inatufundisha jambo moja: bima zetu zilizaliwa hospitalini, kwa hiyo usidhani zitakufuata hadi nyumbani. Uliza mapema. Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, fanya haya:

Kwanza, nenda dawati la bima hospitalini ukaulize ni huduma gani zitalipiwa baada ya kutoka, na ni wapi. Huenda kubadilishiwa bendeji kukalipiwa katika kituo cha karibu, lakini si sebuleni kwako.

Pili, dai barua ya kuruhusiwa yenye jina la ugonjwa, dawa na tarehe ya kurudi. Bila karatasi, ni vigumu kudai malipo.

Tatu, ukiwa na bima ya kampuni binafsi, pata idhini kwa maandishi kabla ya muuguzi kuja nyumbani. Kila risiti iwekwe.

Nne, mwombe muuguzi wa wodi akufundishe kwa vitendo: kugeuza mgonjwa, kusafisha kidonda, kutambua dalili za hatari.

Tano, mjulishe mhudumu wa afya wa kijiji chako. Tangu 2023 wahudumu hawa wamepewa mikoba yenye vifaa vya kupimia, nao wanaweza kukuelekeza kituoni mapema.

Na mchango wako usikatike. Ukiacha kulipa ukiwa mzima, utahangaika ugonjwa ukibisha hodi.

Mlezi pia ni mtu. Pumzika, kula, na uombe msaada. Hadi kipindi kijacho, kwaherini.