Chombo cha Mwanagenzi: Baiskeli katika Nchi ya Pamba

Wahenga walisema kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Watu wa pwani huifahamu kauli hiyo kwa mashua na magogo ya kuibingirishia hadi majini, lakini hata bara, mbali na bahari, kauli hiyo hiyo ina maana yake. Katika Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, wilaya ambazo tangu mwaka 2012 ndizo zinazoufanya mkoa wa Simiyu, chombo cha watu kwa miongo mingi kilikuwa baiskeli. Historia ya chombo hicho ni historia ya swali ambalo kila mwanagenzi, katika kila fani, hujiuliza siku ya kwanza: achague kipi, na je, hicho alichokichagua kimeumbwa kwa ajili yake au kwa ajili ya mtu mwingine?

Swali hilo limeandamana na baiskeli tangu kuzaliwa kwake. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kisicho na pedeli, ambacho mpandaji alikiendesha kwa kupiga miguu chini. Nusu karne baadaye ikaja baiskeli ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambayo mpandaji wake alikaa juu mithili ya mgema mnazini, na jiwe moja tu njiani lilitosha kumtupa kichwa mbele. Hiyo haikuwa ya mwanagenzi. Ilikuwa ya vijana wenye nguvu, fedha na ujasiri wa kuvunjika mifupa. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akaitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa, mnyororo wa kulizungusha gurudumu la nyuma, na kimo kilichomwezesha mpandaji kuifikia ardhi kwa mguu wake. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyeishi Belfast, akapewa hataza ya tairi la upepo, alilolianzia katika baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba chombo hiki kiliuenea ulimwengu pale tu mafundi walipoanza kumfikiria mtu asiyejua kukipanda.

Baiskeli iliyoingia Usukuma ilikuwa ya ukoo wa Rover. Ilikuja pamoja na fedha, na fedha ilikuja pamoja na pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mashamba ya pamba yalipanuka kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria, na mwaka 1955 wakulima, wakiongozwa na Paul Bomani, waliviunganisha vyama vyao vya ushirika katika Shirikisho la Victoria, wakawa wanakusanya, wanapima na kuuza wenyewe. Kwa desturi fedha ya pamba iligeuzwa ng'ombe, kwani ng'ombe ndiye akiba, ndiye mahari, ndiye heshima. Kwamba mkulima alikubali kuitoa sehemu ya fedha hiyo kwa chombo cha chuma kisichozaa wala kukamuliwa, ni dalili ya jinsi masafa yalivyokuwa yamemchosha.

Baiskeli aliyoinunua haikuwa nyepesi. Ilikuwa Raleigh ya Nottingham na zile zilizofanana nayo: fremu ya chuma kizito, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma vilivyoteremka kutoka usukanini, na tandiko pana la ngozi. Baadaye zikaja Phoenix kutoka Shanghai na Hero kutoka Ludhiana, India, zote zikiufuata umbo ule ule wa Kiingereza. Mtu wa mjini angeweza kuuliza kwa nini mwanagenzi ajitwishe chombo kizito namna hiyo. Jibu lilikuwa nyuma ya tandiko, kwenye keria. Hapo palikaa gunia la mtama, madumu ya maji, kuku wa mnadani, mke aliyembeba mtoto, na mara nyingine mgonjwa aliyefungwa kwa kanga asianguke njiani. Baiskeli nyepesi ingemfurahisha mpandaji kwa mwezi mmoja, kisha ingepinda chini ya gunia la kwanza.

Kwa hiyo uchaguzi ulikuwa na elimu yake, na mnunuzi mwenye busara hakwenda dukani bila ya fundi. Jambo la kwanza lilikuwa kimo: mtu husimama akiwa ameipitisha fremu baina ya miguu yake, nyayo zote mbili zikiwa chini, na mtaimbo, yaani ule mwamba wa juu, usimguse. La pili lilikuwa tandiko: akikaa, mguu ulio kwenye pedeli ya chini uwe umekunjika kidogo tu gotini, lakini kwa anayejifunza tandiko huteremshwa zaidi, hata miguu yote miwili ifike chini, jambo linalomrudisha katika mwendo wa chombo cha Drais. Kisha gurudumu huinuliwa na kuzungushwa ili ionekane kama rimu imepinda. Spoki huguswa moja moja kwa kidole, na iliyolegea hujitambulisha kwa mlio wake, kama uzi wa udi uliokosa kukazwa. Breki hubanwa baiskeli ikisukumwa. Rangi, kengele na taa hutazamwa mwisho, ijapokuwa ndizo zilizomvutia macho mwanagenzi tangu alipoingia mlangoni.

Nchi nayo ilikuwa na sauti katika uchaguzi huo. Sehemu kubwa ya Simiyu ina udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka na kuwa mgumu kama sakafu, na masika hugeuka ulimbo, ukajaza nafasi iliyopo baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Wengi waliziondoa madigadi wakakubali kuchafuka. Miiba ya migunga haikumjua mgeni wala mwenyeji, na kwa hivyo kiraka, gundi na pampu vilikuwa sehemu ya chombo sawasawa na mnyororo. Mwanagenzi aliyenunua baiskeli bila ya vitu hivyo alikuwa amenunua mwendo wa kwenda, hakununua wa kurudi.

Lakini elimu yote hii ilimhusu mnunuzi, na mnunuzi aghalabu alikuwa mwanamume mtu mzima. Wanagenzi waliokuwa wengi zaidi hawakununua kitu. Mtoto alijifunzia baiskeli ya babaye, na kwa kuwa mtaimbo ulimfika kifuani, aliupitisha mguu mmoja ndani ya pembetatu ya fremu, akaukamata usukani juu ya kichwa chake, akaenda upande upande kama ngalawa iliyolaliwa na upepo. Mtindo huo haukufundishwa na kiwanda chochote. Watoto waliubuni, wakarithishana, na umeonekana karibu kila mahali Afrika Mashariki palipokuwa na baiskeli kubwa na mtoto mdogo. Kwa upande wa wanawake, viwanda vya Ulaya vilikuwa vimekwisha kuunda fremu yenye mwamba ulioinama ili mvaaji wa gauni apande kwa stara. Mmarekani Frances Willard, aliyejifunza kuendesha akiwa na umri wa miaka 53, aliandika kitabu kizima juu ya safari yake hiyo mwaka 1895. Katika vijiji vya pamba, hata hivyo, fedha ilipita mikononi mwa wanaume, na ilichagua mtaimbo wa juu. Maji yaliyoweza kubebwa na keria yaliendelea kubebwa kichwani.

Tofauti baina ya chombo kinachomfuata mwanagenzi na mwanagenzi anayelazimishwa kukifuata chombo huonekana hata penye theluji, ambayo Usukuma haijaiona. Mwaka 1965, huko Muskegon, Marekani, Sherman Poppen aliviunganisha viteleo viwili kuwa kimoja ili binti zake wasimame juu yake na kuteleza mlimani. Mchezo wa ubao wa thelujini ukaanza kwa kipimo cha miguu ya watoto. Miaka 33 baadaye mchezo huo uliingizwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, Nagano, mwaka 1998. Katika michezo hiyo hiyo Mkenya Philip Boit, mkimbiaji aliyepelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza kuteleza, alishindana mbio za kilomita 10 kwa viteleo virefu vya watu waliovizoea tangu utotoni. Alifika wa mwisho, nafasi ya 92, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngojea mwishoni akamkumbatia. Ulimwengu uliusifu ushujaa wake, na ulistahili sifa. Mtoto wa Maswa aliyepitisha mguu ndani ya fremu naye alikuwa na ushujaa wa jinsi hiyo, bila ya mtu wa kumngojea mwisho wa njia.

Siku nazo zilizidi kukifanya chombo kiwe cha lazima. Operesheni ya vijiji ya mwaka 1974 iliwasogeza watu pamoja na kuwaacha wengi mbali na mashamba yao. Miaka miwili baadaye vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Na baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 maduka yakawa matupu, tairi likawa kitu cha kutafutwa kwa kujuana. Aliyekuwa na Raleigh ya baba yake aliitunza kama mtumbwi wa ukoo, na mafundi walioketi chini ya miti wakawa viwanda. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 baiskeli zikarudi, safari hii za kila namna, na baada ya mwaka 2000 pikipiki kutoka China zikaanza kuichukua kazi ya keria.

Hata hivyo baiskeli haijaondoka. Katika miaka ya karibuni Bariadi imeshuhudia mashindano ya baiskeli yenye mbio za wanaume na mbio za wanawake, na wanafunzi wa kike wanaendesha kwenda shuleni katika njia ambazo bibi zao walizitembea na ndoo. Uchaguzi wao wa chombo ni mpana kuliko ulivyopata kuwa, na kwa hivyo makosa nayo ni mengi zaidi: fremu zenye rangi za kung'aa na chuma hafifu, gia nyingi ambazo vumbi la kiangazi huzila, breki ambazo vipuri vyake havipatikani gulioni. Mafunzo ya mafundi wa zamani hayajachakaa. Apimwe kwanza mtu, kisha ipimwe njia, kisha mzigo, na mwisho kabisa ndipo bei na rangi. Na anayejifunza ateremshiwe tandiko, nyayo zake ziguse udongo mweusi wa mbuga, hata siku atakapojua mwenyewe kwamba hauhitaji tena.