Fedha za kugawa (mifuko ya milki)

Fedha za kugawa ni kiasi cha taslimu ambacho mfuko wa uwekezaji katika milki unaweza kuwalipa wenye vipande kama gawio bila kukopa wala kula mtaji. Kiasi hicho si faida ya mwaka, na mkulima wa miti wa Mgololo, wilayani Mufindi, hahitaji kuelezwa sana: misindano yake hupanda thamani kila masika, lakini haina pesa mpaka magogo yauzwe kiwandani. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, hata hivyo, huhesabu ukuaji huo kuwa faida.

Majengo ni vivyo hivyo. Thamani yao ikipanda, ongezeko huingia kwenye faida. Kodi ya pango itakayopandishwa baadaye nayo husawazishwa kwa miaka yote ya mkataba, hivyo mwanzoni huandikwa zaidi ya inayopokelewa. Tuseme faida ni shilingi milioni 500. Ondoa milioni 220 za thamani, 30 za kodi isiyopokelewa na 60 za ukarabati: zinabaki milioni 190.

Mfuko wa Fahari wa Kenya, ulioingia Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015 kwa shilingi 20 kwa kipande, ulionyesha upande wa pili. Mwaka 2021 uliandika hasara kwa kuwa thamani ya majengo yake ilishushwa, na bado ukalipa gawio, maana wapangaji walikuwa wakilipa. Kanuni za Kenya za 2013 hudai mifuko ya aina hiyo igawe angalau asilimia 80 ya mapato halisi baada ya kodi. Fahari uliondoka soko kuu mwaka 2024.

Penye utata ni ukarabati. Kipimo cha chama cha mifuko ya milki cha Marekani, Nareit, cha mwaka 1991, hurudisha uchakavu wa majengo lakini hakikati matumizi ya mtaji ya matengenezo, kwa hiyo kila kampuni hukata kwa namna yake. Rayonier, yenye misitu, huanza na taslimu ya shughuli zake na kutoa matumizi ya mtaji. Ununuzi wa misitu mipya haukatwi. Hilo ni sawa, mradi upandaji upya baada ya kuvuna umekatwa.

Mwenye vipande aanze kusoma taarifa ya mtiririko wa fedha kabla ya ile ya faida, na aulize meneja amekata kiasi gani cha matengenezo.