Maua yanayofaa bustani za Mwala

Katika eneo la Mwala, Kaunti ya Machakos, ambako mvua ni za misimu miwili na kiangazi huwa kirefu, anayepanda maua hana budi kuanza na hesabu ya maji. Mtungi uliotekwa mbali si wa kumwagiwa petunia.

Kandokando ya ua, bogenvilia yafaa zaidi. Ikishashika mizizi, kunyimwa maji kwa muda huizidishia rangi, ilhali maji mengi huizidishia majani tu.

Kwa vyungu vya barazani, chagua waridi la jangwani, ambalo huhifadhi maji katika shina lake nene. Chungu kiwe na tundu chini na udongo wenye mchanga mwingi, la sivyo mizizi itaoza. Utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji waliipaka mishale. Kiwekwe mbali na watoto na mbuzi.