Bamba la Nguvu Lilizaliwa Hapa Wanapocheza Tenisi

Mwishoni mwa Mei mashabiki wa tenisi huelekeza macho Roland-Garros, Paris. Pembeni hapo, mwaka 1882, Étienne-Jules Marey alianzisha kituo cha kuchunguza mwendo wa binadamu na wanyama. Taasisi iliyobeba jina lake baadaye ilibomolewa kupisha upanuzi wa viwanja, na mimi nauona ubomoaji huo kuwa hasara kubwa.

Ndipo lilipozaliwa bamba la kupimia nguvu, ambalo leo kocha au mtabibu wa viungo humsimamisha mchezaji juu yake. Mwaka 1883 Marey na msaidizi wake, Georges Demenÿ, walitandaza mirija ya mpira yenye hewa chini ya mbao. Mguu ulipokanyaga, hewa ilisukuma kalamu, nayo ikachora mstari.

Miaka miwili baadaye wakagundua jambo: mtu akitua kisha akaruka tena papo hapo, mruko wa pili humpeleka juu zaidi. Ndiyo maana wapimaji makini hutenganisha kuruka baada ya kuchuchumaa na kutulia, na kuruka kwa kujishusha haraka kisha kupaa. Anayelinganisha matokeo ya aina moja ya mruko na ya aina nyingine, akasema mchezaji ameongezeka nguvu, anampotosha mchezaji huyo.

Kazi hiyo haikuwa ya Marey peke yake: Demenÿ ndiye aliyeendesha kituo kila Marey alipokwenda Napoli majira ya baridi. Waligombana kwa sababu ya fedha. Mwaka 1892 Demenÿ alisajili hataza ya fonoskopu, chombo cha kuonyesha picha zinazotembea, akaunda kampuni. Marey hakutaka maabara igeuke duka. Demenÿ alitaka kuvuna alichokipanda. Barua zikawa kali, na mwaka 1894 Marey akamwondoa. Marey alikuwa na haki ya kulinda kituo chake, lakini kumwacha Demenÿ nje ya historia ya bamba hili ni dhuluma.

Mtafiti Jules Amar aliliendeleza bamba hilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akiwapima waliokatwa viungo. Mwaka 1969 kampuni ya Kistler ya Uswisi ikaleta bamba la fuwele zinazotoa umeme zinapobanwa.

Siku hizi mchezaji aliyeumia goti husimamishwa juu ya mabamba mawili, kila mguu na lake. Kwa bamba moja, mguu mzima huubebea mzigo ule mgonjwa, na jumla ya nguvu ikaonekana nzuri.